Mtoto Hasubiri Upone Kwanza

Mimi ni baba wa watoto wawili na nina PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, naanza hivo moja kwa moja kwa sababu nikianza kuzungukazunguka mtadhani naandika habari za mtu mwingine. Ilitokana na uvamizi, watu wenye silaha waliingia ndani usiku tumelala, na sitasema zaidi ya hapo maana makala hii sio ya usiku ule. Ni ya kilichofuata, yaani ile miaka ya kulea watoto huku mwili wako unaamini kabisa kwamba wale watu bado wako mlangoni.

Na ninachotaka kusema ni kimoja tu, ingawa nitakizungusha sana. Mzazi mwenye kiwewe akitibiwa kiwewe peke yake, halafu masomo ya malezi akapewa pembeni na watu wengine wasiojua habari za kile kiwewe, vyote viwili vinafanya kazi nusunusu. Vinatakiwa viende pamoja. Mwanzoni kila mtu aliniambia "pona kwanza, malezi yatajipanga yenyewe", na nawaelewa, maneno yana mantiki yake, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kubaki wa miaka minne mpaka baba amalize tiba. Anakua hivo hivo, na kila siku anajifunza baba ni mtu wa namna gani na nyumbani ni mahali pa namna gani.

Kwa asiyejua, PTSD ni hali inayompata mtu aliyepitia au kushuhudia jambo la kutisha, kifo au hatari ya kifo, kuumizwa vibaya, kubakwa, na dalili zikaendelea zaidi ya mwezi mzima. Iliingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, wakati ambapo mjadala mkubwa ulikuwa wa wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, na nadhani ndo maana wengi mpaka leo wanaona ni ugonjwa wa askari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 70 hivi ya watu duniani hupitia tukio la aina hiyo maishani, ila waliowahi kuwa na PTSD ni kama asilimia 3.9 tu. Wengi wanapigwa na wimbi wanasimama, wachache ndo tunabaki nalo. Kuna pia akina mama wanaoipata kutokana na kujifungua kwenyewe, uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja ulikuta ni karibu asilimia 4 ya waliojifungua, na hao wana mtihani ambao mimi siuwezi hata kuuwaza, maana kinachowakumbusha tukio ni mtoto mwenyewe, yuko pale, analia anataka kubebwa.

Dalili zenyewe zimegawanywa makundi manne. Kuna tukio kujirudia, ndoto na picha zinazokuja bila kuitwa. Kuna kukwepa chochote kinachokumbusha. Kuna mawazo na hisia kuharibika, mtu anakufa ganzi, anajilaumu, haamini watu. Na kuna mwili kukaa macho saa zote, kushtuka ovyo, hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu. Ukizisoma hivo kwenye karatasi zinaonekana ni mambo ya mtu mmoja na daktari wake. Hebu sasa ziweke kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne na mwingine wa tisa.

Tuanze na usiku. Mtoto mdogo akiota ndoto mbaya anafanyaje? Anakuja chumbani kwa wazazi, gizani, miguu mitupu, hodi hapigi, anamgusa mzazi begani. Ndo watoto wote wanavyofanya na ndo inavyotakiwa wafanye. Ila wahenga walishasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wangu mimi ukawa ni mkono mdogo wa mtoto begani saa nane usiku. Mwili unaruka kabla akili haijafika. Sauti inatoka, mkono unasukuma, na ukija kuzinduka umekaa kitandani unatetemeka na mtoto yuko ukutani amekutolea macho. Hapo mtoto hana kosa, na mzazi hakuamua chochote, lakini somo limeshaingia: ukiogopa usiende kwa baba, baba naye anaogopesha. Mary Main na Erik Hesse, watafiti wa uhusiano wa mzazi na mtoto, waliliandika jambo hili mwaka 1990, kwamba mzazi mwenye kiwewe kisichotibiwa anaweza kumtisha mtoto, au kuonekana yeye mwenyewe ametishika, bila kukusudia, na mtoto mchanga anabaki kwenye fumbo lisilo na jibu kwa sababu anayetakiwa kumkimbilia ndo huyo huyo anayemkimbia.

Halafu ganzi. Hii watu hawaizungumzi sana kwa sababu haipigi kelele. Mtoto anakuletea mchoro, amekuchora wewe na yeye na jua lenye macho, unajua kabisa hapa natakiwa nifurahi, unatabasamu kwa mdomo, ndani hamna kitu. Mtoto anaona. Kuna jaribio maarufu la mwanasaikolojia Edward Tronick la miaka ya 1970, mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, halafu anaambiwa aufanye uso mkavu usio na hisia kwa dakika chache tu, na ule uchanga wote mtoto anagundua haraka sana, anajaribu kutabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele, mwisho anageuza uso anakata tamaa. Na utafiti mmoja wa akina baba waliopigana Vietnam uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba katika dalili zote ni ganzi ndo iliyokuwa na uzito wa pekee kwenye uhusiano wao na watoto. Nilipoambiwa hivo nilishangaa kidogo, mimi nilikuwa nimeweka hofu yangu yote kwenye hasira.

Kukwepa nako kuna sura zake. Hafla ya shule ina watu wengi, huendi. Mtoto kaalikwa kwa rafiki yake, unakataa, sababu huitoi. Milango inakaguliwa mara tatu mara nne na watoto nao wanaanza kuikagua, mdogo anauliza "baba umefunga?" kabla hajalala, na unagundua kwamba hofu ambayo wewe uliipata kwa watu wenye silaha yeye ameipata kwako, bila tukio lolote.

Ila kipande ambacho nataka tukae nacho zaidi ni kelele, kwa sababu hapa ndo nilielewa kwa nini masomo ya malezi yalikuwa hayanisaidii. Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Oregon, alitumia miaka mingi kuchunguza familia zenye watoto wakorofi na akaona mtego mmoja unajirudia. Mzazi anaagiza kitu, mtoto anapiga kelele, mzazi anaachia, kelele zinaisha. Wote wamepata nafuu ya dakika tano. Lakini mtoto amejifunza kelele zinafanya kazi, na mzazi amejifunza kuachia kunaleta amani, kwa hiyo kesho itakuwa hivo hivo ila kwa sauti ya juu zaidi. Mzazi wa kawaida anaingia kwenye mtego huu akiwa amechoka. Mzazi mwenye PTSD anaingia karibu kila mara, kwa sababu kwake kelele ya mtoto sio kelele tu, mwili wake unaisoma kama hatari, na kuikimbia ndo ile ile dalili ya kukwepa, imevaa nguo za malezi. Nje unaonekana mzazi mlaini. Ndani unakimbia. Na siku ambayo hukuweza kukimbia unalipuka, mtoto ananyamaza ghafla, na hapo wewe pia umejifunza kwamba kulipuka kunaleta ukimya. Basi mtoto anaishi na mzazi ambaye leo anaachia kila kitu kesho anaunguruma kwa kijiko kilichodondoka, na hana namna ya kujua leo ni ipi.

Sasa mpeleke huyu mzazi kwenye kikundi cha malezi. Anaambiwa akikasirika apumue, ahesabu mpaka kumi, ashuke chini macho yakutane na ya mtoto, aseme kwa sauti ya utulivu anachotaka, asifie jema, apuuze ubishi mdogo. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao hata kidogo, umepimwa, familia nyingi umezisaidia. Lakini wote unadai kichwa kiwepo. Mtu ambaye moyo unakwenda mbio, masikio yameziba, macho yanatafuta mlango uko wapi, huyo haifikii hata mbili ya ile kumi. Anarudi nyumbani anajua kwa usahihi zaidi kuliko jana ni kitu gani ameshindwa kufanya, na kujilaumu ni dalili mojawapo ya ugonjwa wake. Kwa hiyo kuna wazazi ambao somo la malezi likija peke yake linawaongezea mzigo, na kwenye kikundi wanaonekana tu ni watu wasiofanya mazoezi ya nyumbani.

Upande wa pili, tiba za kiwewe zipo na zinafanya kazi, hili liwe wazi, sitaki mtu asome hapa aache tiba. Kuna ya Edna Foa, ambapo mtu anasimulia tukio kwa kirefu tena na tena na taratibu anayakaribia yale anayoyakwepa, vikao 8 mpaka 15, kila kimoja saa moja na nusu hivi. Kuna ya Patricia Resick, kwa kawaida vikao 12, inashughulika na mawazo yaliyokwama baada ya tukio. Kuna EMDR ya Francine Shapiro, aliyeitangaza mwaka 1989, ile ya kufuata kidole kwa macho huku unalikumbuka tukio, watu huwa wanaicheka mpaka waione. Kuna ile ya kusimulia maisha yote kwa mfuatano iliyotengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, unalaza kamba chini iwe ndo maisha yako, unaweka maua kwenye mema na mawe kwenye mabaya, halafu mnalipitia kila jiwe. Hiyo ya kamba ilifanyiwa utafiti kwa wakimbizi katika makazi ya Nakivale nchini Uganda, matokeo yakachapishwa 2008, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, walikuwa watu wa kawaida kutoka kwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo. Napenda sana habari hiyo kwa sababu inavunja kile kisingizio cha kwamba wataalamu ni wachache kwa hiyo hamna la kufanya.

Lakini zote hizo ziliundwa kwa ajili ya mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Fomu maarufu ya kupimia dalili ina maswali 20 na hakuna hata moja linalotaja mtoto, la karibu zaidi ni lile linalouliza kama unashindwa kuwa na hisia za upendo kwa watu wako wa karibu. Unaweza kabisa ukamaliza tiba nzima, alama zikashuka, mtaalamu akafurahi na wewe ukafurahi, na hakuna aliyewahi kukuuliza kwenu jioni inakwendaje. Wapo ambao hiyo inawatosha, kiwewe kikipungua malezi yanarudi yenyewe kwenye mstari, siwabishii. Kwa wengine nyumba imeshajipanga kuuzunguka ugonjwa. Mkubwa ameshajifunza kuwa mlinzi, anasoma uso wa baba mlangoni na kumnyamazisha mdogo wake. Mama ameshakuwa msemaji wa familia, "nyamazeni baba kapumzika", kila kitu kinapitia kwake. Baba akipona haya hayaondoki kwa sababu tu baba kapona, hakuna aliyewatangazia watoto kwamba sasa ruksa kupiga kelele.

Mimi nilikuja kukutana na dada mmoja mtaalamu ambaye swali lake la kwanza karibu linivunje moyo, kwa sababu nilikuja nimejiandaa kusimulia ule usiku. "Kaka, tutafika huko. Hebu kwanza niambie asubuhi kwenu inakwendaje, toka mtoto wa kwanza anapoamka mpaka wa mwisho anapotoka mlangoni." Nikajieleza, akawa anaandika, na kila nikifika mahali akawa ananisimamisha: hapo mwili ulikuwaje? Hapo mtoto alifanya nini? Wewe ukafanya nini baadaye? Nikagundua kwamba asubuhi moja ya kawaida ina karibu dalili zangu zote, na kila moja ina mtoto upande wa pili.

Alivyounganisha vile vitu viwili haikuwa kusema nusu saa ya kiwewe nusu saa ya malezi. Mazoezi ya tiba yenyewe ndo yalitoka kwenye malezi. Kwa mfano ile kazi ya kuyakaribia unayoyakwepa, kwa kawaida mnaandika orodha, kila kitu unakipa alama 0 mpaka 100 kwa jinsi kinavyokutisha, mnaanza na vya chini mnapanda. Orodha yangu ilijaa watoto: kukaa nao sebuleni wakicheza kwa sauti bila kuondoka, kufunga mlango mara moja nikalala, kusimama kwenye hafla ya shule katikati ya watu na sio karibu na kutokea, mkubwa kwenda kucheza kwa rafiki yake bila mimi kumfuata kwa mbali. Kila tukipanda ngazi moja, mtoto naye anapata kitu, sio mimi tu. Na kwa kila moja tulikuwa tunapita kwanza kwenye swali lake: hii ni hatari, au ni kengele tu inalia? Kwa sababu mzazi ana haki ya kuwa mwangalifu, kuna mahali kweli mtoto hatakiwi kwenda, na mtu mwenye PTSD akiambiwa kijumlajumla "acha woga" anapoteza hata ule uangalifu wa halali au anakasirika tu anaacha kusikiliza. Mimi ningeacha.

Upande wa mawazo ikawa vile vile. Ile tiba ya Resick inachunguza mambo matano ambayo kiwewe hupenda kuyavuruga: usalama, uaminifu, mamlaka, heshima na ukaribu. Wazo langu lililokwama lilikuwa moja, linajirudia kila siku, kwamba baba asiyeweza kulinda nyumba sio baba. Ukiwa na wazo hilo kila kosa dogo la mtoto linakuwa ushahidi kwamba nyumba imekushinda, na kila ukali unajiona unalinda. Tulilichambua kwenye karatasi kama yanavyochambuliwa mengine, ushahidi uko wapi, ungemwambia nini rafiki yako aliyepatwa na hili, na nilivyolilegeza lile wazo, kupandisha sauti kulipungua kuliko nilivyowahi kupata kwenye kuhesabu mpaka kumi.

Halafu mchezo. Kuna mtindo wa malezi ulioanzishwa na Sheila Eyberg miaka ya 1970 ambapo mzazi anavaa kifaa cha sikioni na mtaalamu yuko nyuma ya kioo anamnong'oneza cha kufanya wakati anacheza na mtoto. Mimi sikuvaa kifaa ila zoezi nililipewa: dakika 5 kila siku, mtoto ndo anaongoza, huulizi maswali, huagizi, hukosoi, unataja tu anachokifanya na kusifia kwa kutaja kitu chenyewe. "Umeweka tofali jekundu juu ya la bluu. Sasa unatafuta gurudumu. Umelishika vizuri lisianguke." Siku za mwanzo nilijiona kama mtangazaji wa mpira. Lakini niligundua kitu ambacho sikuambiwa na mtu, kwamba kutaja kinachoonekana mbele yako ni zoezi lile lile wanalotufundisha kwenye tiba pale picha za tukio zinapoanza kuja, taja unachokiona, taja unachokigusa, rudi hapa. Yaani mtoto anapata baba aliyepo, baba anapata kamba ya kumvuta arudi sasa hivi, kwa dakika zile zile tano. Na ganzi? Unacheza nayo hivo hivo. Hakuna aliyesema lazima ujisikie kitu kwanza. Kwangu hisia zilikuja zimechelewa sana, zikaja kwa vipande, siku mbili zipo siku nne hazipo, na sio kwamba sasa hivi zimejaa.

Tronick huyo huyo wa uso mkavu ana kitu kingine ambacho kwangu ni dawa kuliko nukuu nyingi za malezi. Aliona kwamba hata mama na mtoto wazima kabisa, wenye uhusiano mzuri, wanakuwa wameoana kwenye hisia kama asilimia 30 tu ya muda, uliobaki wanapishana na kurekebisha, wanapishana na kurekebisha. Kwa hiyo kazi haikuwa kuhakikisha sishtuki tena. Kazi ilikuwa kurudi haraka. Tukatengeneza maneno ya kurudi, mafupi, mtoto anayajua: "Baba ameshtuka. Sio wewe. Niko sawa sasa, njoo." Hayo tu. Sio hotuba, sio kulia mbele ya mtoto na kumuomba msamaha mpaka yeye ndo aanze kukubembeleza, hilo dada alinionya nalo mapema, kwamba mtoto akibebeshwa kumtuliza mzazi umemuongezea kazi.

Usiku nao ukapewa utaratibu. Taa ndogo ya korido inawaka, mtoto anasimama mlangoni anaita kwa sauti mpaka nimjibu kwa jina lake, ndo anakuja, na anakuja upande wa mama yake. Tulifanya mazoezi mchana, kama mchezo, mdogo alitaka turudie na kurudia kwa sababu alifurahia kuniita kwa sauti nzito. Ni kitu kidogo na hakiponyi PTSD. Ila kinamtoa mtoto kwenye hatari ya kusukumwa wakati tiba inaendelea na kazi yake ya polepole, na hii ndo hoja yangu yote kwa mfano mmoja.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba tiba ya kiwewe ikianza kugusa tukio lenyewe, kwa baadhi ya watu dalili zinapanda kwanza. Sasa kama wewe ni mzazi, huko kupanda kunatokea jikoni kwenu, saa za jioni, watoto wana njaa. Mtaalamu anayefikiria malezi anapanga na wewe kabla: siku ya kikao nani anawachukua watoto shule, kuna saa moja ya kutembea kabla hujaingia ndani, nani anawalaza. Mzazi anayelea peke yake hapo ndo anapoachia tiba, na kwenye faili inaandikwa "aliacha" wakati ukweli ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto kwa saa moja na nusu kila wiki. Huduma ikiwa na chumba tu cha watoto na mtu wa kukaa nao, imeshafanya nusu ya kazi ya kuunganisha.

Kuwaambia watoto nako kulinisumbua. Nilidhani nikikaa kimya nawalinda, ila watoto wakikosa maelezo wanajitengenezea, na mara nyingi wanajiweka wao ndo chanzo. Tulitumia maneno ya umri wao: baba alipatwa na jambo baya, ndo maana mwili wake unashtuka haraka, hukusababisha wewe, na kuna mtu mzima anamsaidia. Mdogo akauliza kama inauma. Mkubwa hakuuliza kitu, wiki kadhaa baadaye ndo akaja na maswali ya kweli, nani walikuja, walitaka nini, watarudi? Unajibu ulichoulizwa, kwa ukweli, bila picha. Masimulizi yenyewe ya ule usiku yana mahali pake, na mahali pake ni kwa mtaalamu.

Haya ya kuunganisha sikuyaona kwangu tu, yana ushahidi wake, japo tafiti zake ni chache ukilinganisha na za tiba ya kiwewe yenyewe. Alicia Lieberman na wenzake San Francisco wana tiba ambayo mzazi na mtoto mdogo wanakaa kikao kimoja, na mwaka 2005 walichapisha utafiti wa jozi 75 za akina mama na watoto wa miaka 3 mpaka 5 walioshuhudia ukatili ndani ya ndoa, kikao kila wiki kwa karibu mwaka mzima: matatizo ya tabia na dalili za kiwewe kwa watoto zilipungua, na akina mama nao dalili zao za kukwepa zilipungua. Kwa familia za wanajeshi, Abigail Gewirtz na wenzake Minnesota walitengeneza programu ya malezi ya wiki 14 wakaipima kwa familia 336 ambazo mzazi alikuwa ametumwa Iraq au Afghanistan, na walichokuta ni kwamba mzazi akianza kujiamini kwenye malezi, msongo wake na hata mawazo ya kujiua yalishuka baadaye. Hiyo ya pili naipenda kwa sababu njia inapita pande zote mbili, tumezoea kufikiri ni mzazi apone ndo mtoto afaidike, kumbe na kuweza kumlea mtoto wako vizuri ni sehemu ya kupona.

Kinachowazuia wengi kusema ni hofu ya kunyang'anywa watoto. Ukisema kwenye kikundi cha malezi kwamba usiku ulimsukuma mtoto, wataandika nini? Hofu hiyo sio ya kijinga. Wataalamu wengi wana wajibu wa kuchukua hatua mtoto akiwa hatarini, na ni haki yako kuuliza siku ya kwanza kabisa, kabla hujafungua mdomo, ni mambo gani yanabaki humu ndani na yapi lazima uyapeleke mbele. Anayejibu kwa uwazi unaweza kufanya naye kazi. Ila kama umefika mahali unaogopa kwamba utamuumiza mtoto au utajidhuru mwenyewe, usisubiri kupangiwa kikao, tafuta msaada wa dharura siku hiyo hiyo na mtoto akae kwa mtu mwingine unayemwamini.

Na kama huko uliko hakuna huduma iliyounganishwa, unaweza kuiunganisha kwa mikono yako mwenyewe, sio vizuri sana ila inawezekana. Mwambie mtaalamu wa kiwewe kwamba una watoto na unataka angalau lengo moja la tiba liwe la nyumbani, kitu ambacho mtoto angekiona kimebadilika. Mwambie mtu wa malezi kwamba kuna sauti au hali zinazokuwasha, huna haja ya kumsimulia tukio, mwambie tu unahitaji zoezi la kutuliza mwili kabla ya zoezi la kuongea na mtoto. Halafu toa ruhusa ya maandishi waongee wao wawili, kwa sababu wewe ukiwa ndo mjumbe utasahau nusu na nusu nyingine utaona aibu kuisema. Mwenzako naye aingie kikao kimoja kimoja kama mpo wawili, maana utaratibu wa usiku ukijulikana na mmoja tu haufanyi kazi siku ambayo huyo mmoja amesafiri.